Gretingi za holografia: jelatini, fotopolima au kioo cha PTR, uchukue ipi?

Swali hili linarudi kila mara kwa wanafunzi wa fizikia na mainjinia wa vifaa vya mwanga: nataka kutengeneza gretingi yangu, ile isiyokuwa na mikwaruzo juu ila indeksi ya kupinda mwanga inapanda na kushuka taratibu ndani ya malighafi yenyewe, sasa nitumie jelatini, nitumie fotopolima (plastiki inayobadilika ikipigwa mwanga) ama nitafute kile kioo cha PTR, yaani kioo kinachoandikwa kwa mwanga kisha joto? Jibu langu huwa ni kwamba malighafi ije mwisho. Anza na upana wa rangi unazotaka zipite, upana ukishaujua utakupa unene wa tabaka, na unene ndo utakuchagulia malighafi, yaani ukifuata mpangilio huo nusu ya ubishi inakwisha hapo hapo.

Niseme kidogo kwa wale wageni. Gretingi ya kawaida ni uso wenye mifereji iliyochorwa kwa almasi au kunakiliwa kutoka kwenye ile iliyochorwa, mwanga ukipiga pale unatawanyika kila rangi na pembe yake. Hizi za holografia uso wake ni laini kabisa, ukizipitisha kidole husikii kitu, kinachofanya kazi ni tabaka la ndani ambalo indeksi yake inabadilika kwa mfumo wa wimbi, inapanda polepole inashuka polepole, mara mia kadhaa hadi elfu kadhaa kwa kila milimita. Wimbi hilo unalipata kwa kukutanisha miale miwili ya leza moja juu ya malighafi, pale inapokutana panatokea mistari ya mwanga na giza, na malighafi inaikumbuka. Faida yake kubwa ni kwamba mwanga mwingi unaenda upande mmoja unaoutaka, ikitengenezwa vizuri inafika asilimia 80 hadi 90 na zaidi.

Kama unachotaka ni kuwaonyesha wanafunzi rangi za taa tu, usitengeneze chochote, kata kipande cha DVD, mistari yake imeachana nanomita 740 kwa hiyo ni kama mistari 1350 kwa milimita, inatosha kabisa.

HESABU KWANZA

Mwaka 1969 Herwig Kogelnik wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, alichapisha nadharia ambayo hadi leo ndo watu wanaianzia. Inasema ufanisi wa gretingi unategemea vitu viwili vikizidishwa pamoja, kiasi ambacho indeksi inapanda na kushuka (tuite delta n) na unene wa tabaka. Ili mwanga wote uende kule unakotaka, delta n mara unene inatakiwa iwe sawa na nusu ya urefu wa wimbi mara kosaini ya pembe ya mwanga ukiwa ndani ya tabaka. Basi. Na angalizo moja hapa maana linawachanganya wengi, delta n ya Kogelnik ni kutoka katikati hadi kileleni, sio kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, kuna karatasi za watengenezaji zinatoa ile ya pili na usipoangalia utakosea mara mbili nzima.

Tuchukue mfano wa kweli, mistari 1200 kwa milimita, rangi ya katikati nanomita 600. Mistari imeachana nanomita 833, mwanga unaingia kwa pembe ya digrii 21 kutoka hewani, ndani ya tabaka inabaki kama digrii 14 (nimechukua indeksi ya 1.5). Ukipiga hesabu delta n mara unene inatakiwa iwe mikroni 0.29 hivi. Sasa angalia kinachotokea, jelatini inaweza kukupa delta n ya 0.06 bila shida, kwa hiyo unahitaji unene wa mikroni 5 tu. Fotopolima inakupa kama 0.03, unahitaji mikroni 10. Kioo cha PTR ukiwa na delta n ya 0.0005 unahitaji mikroni 580, yaani zaidi ya nusu milimita.

Ufanisi wa katikati ni ule ule kwa zote tatu! Ila tabaka likiwa nene gretingi inakuwa na uchaguzi mkali, inakubali rangi chache na pembe chache. Kwa mfano wetu jelatini ya mikroni 5 inapitisha upana wa nanomita kama 400, fotopolima ya mikroni 10 kama 200, na PTR kama 3.5 tu. Hapo ndo utaona kuuliza "ipi bora" hakuna maana, PTR kwenye spektromita (kifaa cha kutenganisha na kupima rangi za mwanga) ya rangi zote haifai hata kidogo, na jelatini nyembamba haiwezi kukushikia leza kwenye rangi moja.

JELATINI YA DAIKROMATI

Hii ndo ya zamani na kwa spektrografu za darubini bado ndo yenye heshima. T. A. Shankoff wa Bell Labs alionyesha holograma zake mwaka 1968, alafu miaka ya 1990 mwishoni Samuel Barden na wenzake wakaileta kwa nguvu kwenye astronomia. Ukienda Sutherland kule Afrika Kusini, darubini ya SALT yenye kioo cha kama mita 11 ina spektrografu inaitwa RSS, ndani yake kuna gretingi za aina hii za kuanzia mistari 900 hadi 3000 kwa milimita. Na kuna kifaa cha APOGEE kilichoanzia Apache Point huko New Mexico, gretingi yake ina urefu wa karibu nusu mita na inafanya kazi kwenye baridi ya kama kelvini 80, kwa hiyo mtu akikuambia jelatini haivumilii chochote sio kweli, ikifungwa vizuri inavumilia sana.

Kinachonivutia kwenye jelatini ni jinsi inavyofanya kazi. Unaloweka kioo chenye tabaka la jelatini kwenye maji ya amoniamu daikromati, unakausha gizani, unapiga mwanga wa leza ya bluu. Pale mwanga ulipogusa, kromiamu inabadilika na kuzifunga nyuzi za jelatini pamoja, panakuwa pagumu kidogo, giza lilipokuwepo panabaki laini. Mpaka hapo tofauti ya indeksi ni ndogo mno. Kazi yenyewe iko kwenye mabeseni: unaitia kwenye maji inavimba, sehemu laini zinavimba zaidi, alafu unaikausha haraka kwa aisopropanoli, kwanza iliyochanganywa na maji, alafu kali zaidi, alafu tupu na ya moto, na ule mkazo wa ghafla ndo unazifungia zile tofauti ndani. Ukitaka delta n kubwa zaidi unapandisha joto la maji na la pombe kidogo, ukizidisha jelatini inageuka nyeupe kama maziwa na hapo mwanga unasambaa hovyo. Uzuri wake ni kwamba sahani ambayo delta n yake haijafika unaweza kuirudisha kwenye maji na kuikausha tena kwa joto jingine, fotopolima haikupi nafasi hiyo.

Ubaya wa kwanza ni unyevu. Jelatini ikinywa maji ya hewani inavimba tena na wimbi la indeksi linafutika, kwa hiyo lazima uioke alafu uifunike na kioo cha pili kwa gundi ya kioo, na kingo ziachwe bila jelatini ili gundi ishike kioo kwa kioo. Mtu wa Dar, Zanzibar au Mombasa alichukulie hili kwa uzito kabisa, hewa ya pwani inakuharibia kazi kati ya beseni la mwisho na gundi, chumba chenye mashine ya kukausha hewa sio anasa. Na sahani ikishawekewa daikromati haikai, hata gizani ugumu unaendelea polepole wenyewe, inabidi uitumie ndani ya siku moja mbili, kwa hiyo huwezi kutengeneza akiba ya mwezi.

Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi kwangu: daikromati ni sumu. Ni kromiamu ya aina ya sita, inasababisha kansa, inachoma ngozi, na vumbi lake ukilivuta ni hatari zaidi kuliko maji yake. Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2017 kiwanda hakiruhusiwi kuitumia bila kibali maalum. Kama uko chuo na huna chemba ya kuvuta hewa, huna glovu nzuri na huna mpango wa kuitibu taka (kuna njia ya kuigeuza kuwa kromiamu ya aina ya tatu kwa sodiamu metabaisalfaiti kwenye asidi kabla ya kutupa), mi nakusihi usianze, hakuna gretingi yenye thamani ya mapafu ya fundi wa maabara. Usimwage kwenye sinki hata tone.

FOTOPOLIMA

Hapa mambo ni mepesi zaidi na kwa mtu anayeanza ndo naipendekeza. Inayojulikana zaidi sasa hivi ni Bayfol HX ya Covestro, inakuja kama filamu kwenye roli, unakata kipande, unabandua plastiki ya kinga, unaibandika kwenye kioo kwa rola ya mpira kuanzia ukingo mmoja kwenda mwingine ili hewa isibaki chini, maana kipovu kimoja kitaonekana kwenye gretingi milele. Unapiga leza, unaiacha gizani dakika kadhaa, alafu unaiweka chini ya taa kali ya mwanga mweupe au UV, umemaliza. Hakuna beseni, hakuna pombe, hakuna sumu ya kromiamu.

Inavyofanya kazi ni kwamba vipande vidogo vya polima ambavyo havijaungana vinasafiri vyenyewe kuelekea kwenye mistari ya mwanga, vinaungana kule na kubaki, indeksi ya pale inapanda na ya gizani inashuka, na kwa sababu ni msambao wa taratibu wimbi linatoka laini bila kingo kali. Taa ya mwisho inamalizia vilivyobaki na kuua rangi ya filamu, kutoka yenye rangi inakuwa angavu.

Sasa mipaka yake. Unene unaamuliwa kiwandani, sio na wewe. Ukipewa filamu ya mikroni 16 na mfano wetu ule wa juu, unatakiwa upate delta n ya 0.018 tu na sio ile ya juu kabisa, ukipita hapo ufanisi unaanza kushuka tena, kwa hiyo unacheza na nguvu ya leza na dozi (jumla ya mwanga unaoipa) mpaka uipate, na upana wa rangi utakuwa nanomita kama 125 badala ya 200. Kwa hiyo kabla ya kuagiza uliza unene, hilo ndo swali la kwanza kabisa. Kitu kingine filamu inasinyaa kidogo ikikauka na mwanga, asilimia moja mbili hivi. Watu wanaogopa sana hili lakini kwa gretingi ya kupitisha mwanga ambayo mistari yake imesimama wima, kusinyaa kwa unene hakubadilishi umbali wa mistari, kunabadilisha unene tu na hiyo unairekebisha kwa dozi. Wenye kuogopa ni wanaotengeneza za kuakisi, au zenye mistari iliyolala kwa pembe, hao rangi itawahama kweli.

Na kwa UV usiitumie, chini ya nanomita 400 inaanza kunyonya mwanga. Jelatini inaenda vizuri kuanzia 350 hadi 2300 hivi.

KIOO CHA PTR

Hiki ni kioo chenyewe, silika yenye siriamu, fedha na florini ndani yake. Wazo la kioo kinachokumbuka mwanga lilianzia kampuni ya vioo ya Corning kwa Donald Stookey, na kilichofanya kiwe malighafi ya gretingi nene ni kazi ya Leonid Glebov na kundi lake, kwenye CREOL, kitengo cha taaluma ya mwanga kule Chuo Kikuu cha Central Florida. Unapiga UV ya nanomita 325, siriamu inaachia elektroni, fedha inaikamata, na kwa macho huoni kitu chochote. Alafu unakiingiza kwenye tanuri kwenye joto la nyuzi kama 500 za Selsiasi, atomi za fedha zinakusanyika na juu yake zinakua fuwele ndogo ndogo sana za sodiamu floridi, na pale palipopigwa mwanga indeksi inashuka. Inashuka kidogo tu, sehemu moja ya elfu ndo mwisho wake kwa kawaida (0.001), ila kwa kuwa kioo kinaweza kuwa na unene wa milimita kadhaa, zidisho linatosha na kuzidi.

Kikishatoka kwenye tanuri hakibadiliki tena, mwanga wa kawaida haukifanyi kitu, kinavumilia joto hadi nyuzi kama 400 na kinabeba leza za nguvu ambazo zingeunguza polima papo hapo. Ndo maana kinatumika kufunga leza za daiodi zibaki kwenye rangi moja, na kuunganisha miale ya leza kadhaa kuwa mmoja. Kuna na aina yake ambayo umbali wa mistari unabadilika polepole kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine, inapatikana kwa kukutanisha mwale unaotanuka na mwale unaokusanyika kupitia lenzi, inatumika kunyoosha na kubana mapigo mafupi ya leza, kwa sababu kila rangi inaakisiwa kwenye kina chake.

Kukitengeneza mwenyewe nyumbani au chuoni sahau, kuyeyusha kioo safi kiasi hicho ni kazi ya kiwanda. Unanunua kioo kikiwa tayari kupigwa mwanga au unaagiza gretingi kamili.

UNA LEZA GANI?

Hili linaamua mengi kuliko watu wanavyofikiri. Jelatini inataka bluu, nanomita 488 au 442, kwenye kijani ya 532 ni mvivu. Fotopolima imetiwa rangi ya kuiwezesha kukubali kuanzia bluu hadi nyekundu, kwa hiyo leza ya kijani ya bei nafuu inatosha alimradi iwe ya modi moja na mwanga wake ushikamane, yaani mawimbi yake yaende kwa mpangilio mmoja, pointa za sokoni nyingi hazifai. PTR bila 325 hakuna kitu. Na taa ya chumbani nayo inabadilika, jelatini unafanya kazi chini ya taa nyekundu ukiona kila kitu, fotopolima inayokubali rangi zote inakulazimisha giza karibu totoro, PTR taa ya kawaida haina neno.

Alafu kuna muda. Chukua leza ya miliwati 50 umeitanua kwenye duara la sentimita 10, unapata kama miliwati 0.64 kwa kila sentimita ya mraba. Fotopolima inataka milijuli 20 hivi kwa kila sentimita ya mraba, hiyo ni nusu dakika. Jelatini ukiihesabia milijuli 100 ni dakika mbili na nusu. PTR inayotaka karibu juli moja ni dakika 26. Muda wote huo mistari ya mwanga isisogee zaidi ya sehemu moja ya kumi ya umbali wake, kwenye mfano wetu ni nanomita 83, wakati unywele una nanomita kama 70,000. Lori likipita barabarani, feni ikiwashwa, mtu akipumua karibu na mwale, mistari inatembea na delta n inayeyuka. Kwa hiyo kwa mwenye meza ya kawaida na jengo linalotetemeka, nusu dakika ya fotopolima ni faida kubwa mno.

KAMA MWANGA WAKO UKO NDANI YA FAIBA

Hapo hizi tatu zote achana nazo, unaandika wimbi la indeksi kwenye kiini chenyewe cha faiba, ule uzi mwembamba wa kioo unaobeba mwanga. Ken Hill na wenzake waliligundua Ottawa mwaka 1978, na njia rahisi kuirudia leo ni kioo maalum chenye mifereji kinachowekwa karibu na faiba kisha UV inapita juu yake, mifereji ya nanomita 1071 inakupa mistari ya 536 ambayo inaakisi 1550. Ni rahisi kurudia ila kila rangi inataka kioo chake. Ukitaka rangi nyingi tofauti tumia miale miwili inayokutana, na kama faiba itakaa kwenye joto kali sana chukua leza ya femtosekunde (yenye mapigo mafupi mno), yake haihitaji faiba iwe na jemaniamu wala kulowekwa kwenye haidrojeni.

NANI ACHUKUE NINI

Spektromita ya chuo, rangi zinazoonekana, bajeti ndogo, mko pwani: fotopolima, bila kufikiri mara mbili. Spektrografu ya darubini inayotaka upana mkubwa na eneo kubwa: jelatini, ila agiza kwa wanaoifanya kila siku. Leza ya nguvu au kuchuja rangi moja tu: PTR, na yenyewe agiza.

Mistari ikizidi 2000 kwa milimita ongeza kitu kimoja kwenye oda yako, polaraizesheni, yaani upande ambao wimbi la mwanga linatikisikia. Kwa mistari 3000 na rangi ya nanomita 500 mwanga ndani unasafiri kwa pembe ya digrii 30, na hapo gretingi iliyopangwa kupeleka asilimia 100 ya polaraizesheni moja inapeleka 50 tu ya nyingine. Mwanga wa nyota unakuja na zote mbili, kwa hiyo mwambie mtengenezaji apange kwa wastani wa zote mbili, alafu mtajie mistari, rangi ya katikati, upana, pembe ya kuingilia na ukubwa wa mwale wako, na aseme delta n yake ni ya katikati hadi kileleni au ni nzima.